Gari la mkononi limefika: oili, kulanti na filta zipi ziingie kwanza

Sampu Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa aliyenunua gari la mkononi, liwe limetoka bandarini juzi au ni namba C lililokwishapita mikono kadhaa hapa mjini. Najikita kwenye magari ya Kijapani madogo na ya kati kwa kuwa ndiyo yamejaa barabarani: IST, Vitz, Raum, Spacio, X-Trail, Note, Fit. Wenye uzoefu wa mengine ongezeni.

Kibandiko cha sevisi kilichobandikwa mlangoni au chini ya boneti usikitegemee. Gari limekaa yadi, limekaa melini, limekaa bandarini, na kabla ya kuuzwa huenda liliongezwa chochote kilichokuwa karibu ili stiki ya kupimia oili isome vizuri. Chukulia kwamba hujui kilichomo ndani, kuanzia injini mpaka breki, kisha anza hesabu yako upya.

Kabla hujaenda dukani, jua una gari gani hasa. "IST" peke yake haitoshi. NCP60 ina injini ya 2NZ-FE ya cc 1300, NCP61 ina 1NZ-FE ya 1500, NCP65 ni 1500 ya kuvuta magurudumu yote manne kwa hiyo ina difu ya nyuma, na NCP110 ni toleo la pili lenye gia boksi ya CVT (otomatiki ya mkanda na puli). Jina la gari ni moja, oili za gia boksi ni tofauti kabisa. Fungua mlango au boneti utafute kibao cha chuma. Kwenye Toyota kina mstari wa MODEL, wa ENGINE na wa TRANS/AXLE. Namba ya TRANS/AXLE inayoanza na U, kama U340E, ni otomatiki ya kawaida; inayoanza na K, kama K210, ni CVT. Piga picha kibao hicho na uende nayo dukani.

Halafu kagua kabla ya kumwaga. Fungua kifuniko cha oili cha juu ya injini na umulike na tochi. Chuma cha rangi ya kahawia isiyokolea ni hali ya kawaida ya gari lililotembea. Tope jeusi zito linalogandana maana yake oili ilicheleweshwa sana. Uji mweupe kama maziwa maana yake maji yanaingia, na hapo acha habari ya oili, lipeleke gari kwa fundi apime gasketi ya silinda hedi kwanza. Chomoa stiki ya gia boksi kama ipo, tone moja kwenye tishu nyeupe: nyekundu au kahawia ni sawa, nyeusi yenye harufu ya kuungua si sawa. Fungua rejeta injini ikiwa imepoa kabisa: maji ya kutu yanakusubiri kazi.

Nisisitize jambo moja ambalo watu wengi wanaligeuza. Mabishano mengi mitaani ni ya oili ya injini, wakati injini ndiyo inayovumilia zaidi. Ukiweka uzito usiofaa kwenye injini una muda wa kumwaga na kurekebisha. Ukiweka oili isiyo yake kwenye CVT, au ukitia oili ya haidroliki (ya stelingi) kwenye kikopo cha breki, muda huo huna. Kwa hiyo fikra zako nyingi zielekee huko.

Kimara Mwisho

Asante mkuu kwa uzi. Nina IST ya 1NZ-FE, namba D. Fundi anasema gari likishazeeka na kwa joto la Dar niweke 20W-50, na kwamba nyepesi zitapita kwenye ringi. Dukani nao wananiambia 5W-30. Nimsikilize nani?

Spana 14

Mkuu, hapo dukani wamekushauri vizuri, ila sababu uzijue mwenyewe.

Namba ya mbele yenye W inahusu oili ikiwa baridi. Namba ya nyuma inahusu oili ikiwa na moto wa nyuzi 100, na huo ndio moto wa injini iwe Dar, iwe Njombe, kwa sababu themostati ndiyo inayopanga joto la injini. Jua la Dar haliigeuzi injini iliyotengenezwa kwa 30 iwe ya 50. Kwenye nyuzi 100, oili ya daraja la 30 ina mnato (uzito wa kutiririka) wa kati ya 9.3 na 12.5; ya 40 inaanzia 12.5 hadi 16.3, ya 50 inaanzia 16.3. Yaani 50 inaweza kuwa karibu mara mbili ya 30.

Hiyo 1NZ-FE ina VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka. Kamshafti inasogezwa na presha ya oili inayopita kwenye tundu nyembamba na kwenye kichujio kidogo cha wavu kilichofichwa nyuma ya bolti kwenye silinda hedi. Taiming cheni nayo inakazwa kwa presha hiyo hiyo. Oili nzito inachelewa kufika asubuhi, na gari linaanza kutoa mlio wa cheni sekunde chache baada ya kuwasha. Tope likishaziba ule wavu, gari linakosa nguvu, linacheza sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama), na taa ya injini inawaka na kodi ya hitilafu P1349.

Ushauri wangu: 5W-30, daraja la ubora la API SN au SP. SP ndiyo mpya, ilianza 2020. Kama injini inakula oili kidogo, panda hadi 5W-40 au 10W-40, usiruke hadi 50. Inayokula lita nzima kwa kilomita 1000 haiponi kwa uzito wa oili. Hiyo ni ringi au mipira ya valvu, itafutwe.

Angalia sana mgongo wa dumu. Bado zinauzwa dumu zilizoandikwa SF au SG. SF ni ya injini za mwaka 1988 kurudi nyuma, SG ni za 1993 kurudi nyuma. Zinang'aa na zina picha ya gari la kisasa, lakini dawa zilizomo za kuzuia tope ni za zamani. Bei yake ndogo ndiyo mtego.

Kimara Mwisho

Nimekuelewa mkuu. Zinaingia lita ngapi? Fundi anataka dumu la lita 4 liishe lote.

Spana 14

1NZ na 2NZ zote mbili ni lita 3.7 ukibadili na filta, lita 3.4 bila filta. Dumu la lita 4 lisiishe. Kinachobaki funga vizuri, ndicho cha kuongezea.

Namna ya kufanya: washa gari dakika tano ili oili ilegee, zima. Paki kwenye usawa. Nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni spana 14. Fungua kifuniko cha juu kwanza ili oili ishuke bila kukoroma. Acha idondoke mpaka iwe tone tone, usiwe na haraka, kwa sababu oili chafu inayobaki chini ndiyo yenye uchafu mzito. Badili washa ya nati, ile pete laini. Ya Toyota ina namba 90430-12031. Kurudisha ile ya zamani kila mara ndiko kunakofanya mafundi wakaze kwa nguvu kupita kiasi mpaka uzi wa sampu unakatika. Nati hiyo inataka kukazwa kwa kiasi, si kwa kuning'inia kwenye spana.

Weka lita 3.4, washa dakika moja ili filta ijae, zima, subiri dakika tano, pima, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu. Oili ikizidi sana, krankshafti inaipiga na kuijaza mapovu, na povu halilainishi.

Kwa gari ambalo hujui historia yake, mwaga tena baada ya kilomita 1000 hadi 1500 pamoja na filta. Oili mpya inaosha, kwa hiyo ya kwanza inachafuka haraka, na hilo ni jema. Baada ya hapo nenda kila kilomita 5000 au miezi 6. Foleni ya Ubungo na Mandela haihesabiwi kwenye kilomita lakini injini inaihesabu, maana inazunguka saa nzima kilomita hazijafika kumi.

Zile dawa za kuosha injini zinazomiminwa dakika kumi kabla ya kumwaga, kwenye injini yenye tope siziungi mkono. Zinabandua mapande makubwa, yanashuka na kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Presha ikishuka, beringi za krankshafti zinaondoka. Oili nzuri ya muda mfupi inafanya kazi hiyo hiyo polepole na salama.

Gerezani Spea

Naongezea kwenye filta ya oili maana hapo watu wanaumia. Kwa injini za NZ na ZZ za Toyota, namba za kuulizia ni 90915-10001 au 90915-YZZE1. Ukifika Gerezani au Ilala utaonyeshwa boksi zinazofanana kwa rangi na maandishi, lakini vilivyomo havifanani.

Ishike mkononi. Tazama ndani ya matundu madogo ya pembeni: lazima kuwe na mpira unaoyafunika. Huo mpira ndio unaozuia oili isirudi sampuni gari likizimwa. Ukiwa mgumu au haupo, injini inakauka usiku na asubuhi inagonga kabla taa ya oili haijazima. Tazama uzi wa katikati, uwe umekatwa safi bila vipande vya chuma. Tikisa karibu na sikio, kitu kinachocheza ndani hakitakiwi. Kama boksi limeshafunguliwa na nailoni yake haipo, rudisha.

Wakati wa kufunga, hili ni la lazima: hakikisha mpira wa filta ya zamani umetoka pamoja na filta yake. Ukibaki umenata kwenye bloku na ukafunga mpya juu yake, mipira inakuwa miwili. Gari litawaka vizuri pale gereji, kisha ukipandisha mwendo barabarani mpira unapasuka na oili yote inamwagika ndani ya dakika chache. Pitisha kidole kwenye bloku kabla ya kufunga. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, zungusha mpaka uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana ya mnyororo ni ya kufungulia tu.

Na dumu la oili lifunguliwe sili mbele yako. Likiisha, litoboe kabla hujaliacha gereji. Madumu mazima matupu ya kampuni zinazojulikana yana wanunuzi, na yanarudi dukani yakiwa yamejazwa.

Mama Goba

Shikamooni wakubwa. Mimi ni X-Trail T31 ya cc 2000, CVT. Inavuta ila ikipanda mlima wa huku kwetu inanguruma kabla ya kusogea. Nimeambiwa oili ya gia boksi isiguswe kabisa, ukibadili tu gia boksi inakufa. Wengine wanasema ATF (oili ya otomatiki) yoyote nyekundu inafaa. Naombeni ufafanuzi.

Sampu Kavu

Marahaba dada. Kwanza hilo la "ATF yoyote" liondoe kabisa kichwani, hata kwa kuongezea nusu lita.

Ndani ya hiyo CVT hakuna gia kama za otomatiki ya kawaida. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili za chuma, na nguvu yote ya injini inapita kwenye mgusano wa chuma kwa chuma. Oili yake imetengenezwa ili chuma kisiteleze juu ya chuma huku kikilindwa kisilike. ATF imetengenezwa kwa klachi za karatasi, ina dawa za kulainisha mshiko. Ukiitia kwenye CVT mkanda unateleza, puli zinachubuka, unga wa chuma unasambaa hadi kwenye valvu bodi, na hapo hakuna oili ya kurudisha hali.

Oili ya CVT kwa T31 ni NS-2. Maandishi kwenye dumu yaseme NS-2 waziwazi. Nissan za baadaye zinataka NS-3. Toyota zina TC kwa CVT za mwanzo na FE kwa za baadaye, na mara nyingi imeandikwa kwenye stiki yenyewe au kwenye kitabu. Honda Fit ya kwanza, GD1, ilikuwa ya HMMF. Za baadaye ni HCF-2. Mitsubishi wana J1 na J4. Rangi usiifanye kipimo, kampuni inaweka rangi inayotaka.

Kwa otomatiki za kawaida za Toyota: IST ya kwanza, Raum na Spacio nyingi ni T-IV. Za baadaye ni WS, nyepesi kuliko T-IV, na hazibadilishani. Dumu lisilo la Toyota liwe limeandikwa JWS 3309 kwa T-IV au JWS 3324 kwa WS.

Sasa hilo la kufa. Gia boksi iliyokwisha, oili yake imejaa unga wa klachi, na unga huo unaongeza msuguano kidogo. Ukiosha yote kwa mkupuo, klachi zilizolika zinabaki uchi na gia zinaanza kuteleza. Kilichoua ni uchakavu uliokuwepo. Oili mpya iliufichua. Kwa hiyo kama otomatiki inateleza tayari na oili ni nyeusi ya kunuka, pima kwanza kwa mashine na upange bajeti ya gia boksi. Kama inaingiza vizuri na oili ni kahawia tu, badili bila hofu, lakini kwa kumwaga na kujaza.

Hiyo ngurumo yako inahitaji usomaji wa kodi za hitilafu na wa joto la CVT kabla ya kitu chochote. Ukiambiwa ni nzima, T31 ina filta mbili: wavu ndani ya sampu ya gia boksi, na ya karatasi kwenye kipoza oili chake. Mafundi wengi hawaijui hiyo ya pili. Iulizie kwa jina la gia boksi, JF011E.

Mtaalamu wa Tegeta

Mkuu hapo kwenye kumwaga na kujaza natofautiana nawe. Mashine ya kubadilishia ATF inatoa yote mara moja. Ukimwaga kwa nati inatoka nusu tu, unachanganya mpya na chafu, fedha zinapotea.

Sampu Kavu

Hoja yako ina msingi mkuu kwa gari unalolijua toka likiwa jipya. Kwa la mkononi naendelea kuipinga, kwa sababu mbili. Mashine ya gereji imepita kwenye magari ya kila aina, na mabaki yaliyomo kwenye mipira yake huyajui. Pili, haifungui sampu, kwa hiyo sumaku na wavu havionekani, na huko ndiko kwenye taarifa unayoihitaji.

Hesabu ya kumwaga si mbaya hivyo. Chukua gia boksi inayobeba lita 6 ambayo ukifungua nati zinatoka 3. Mara ya kwanza nusu ni mpya, ya pili robo tatu, ya tatu karibu asilimia 88. Fanya ya kwanza leo kwa kufungua sampu, mbili zilizobaki kila baada ya kilomita 2000 hadi 3000 kwa nati tu.

Ukifungua sampu ya Toyota utaona sumaku zenye tope la kijivu laini kama wanja. Hiyo ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Wavu wa hizi Toyota ndogo ni wa chuma, unaoshwa kwa petroli na kukaushwa, japo mpya ni bora. Usipake silikoni ovyo kwenye gasketi, inayozidi inabonyea ndani, inavunjika na kuziba njia za oili.

Pima kilichotoka kwa chupa ya maji ya lita na nusu, rudisha kiasi hicho hicho. Kama kuna stiki: injini ikiwa inawaka na imeshapata moto, gari kwenye usawa, pitisha gia kuanzia P mpaka L ukikaa sekunde chache kila moja, rudi P, chomoa, futa, pima upande wa HOT. Za WS nyingi hazina stiki. Zinapimwa kwa nati ya kufurika chini, oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45. Kwa Dar mchana oili inaanzia karibu 30 hata kabla hujawasha, dirisha la kupima linapita upesi. Ifanywe alfajiri, na fundi awe na mashine ya kusoma joto. Asiye nayo anabahatisha.

Baharia wa Kigamboni

Tuje kwenye kulanti (maji ya kupoozea injini) wakuu. Magari mengi ya mkononi huku yanatembea na maji ya bomba au ya kisima, na themostati imeshatolewa. Watu wanaona poa mpaka siku inachemsha.

Spana 14

Mkuu umegusa penyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Visima vingi vya Dar vina chumvi. Chumvi na alumini ya silinda hedi haziishi pamoja. Inakula njia za maji, inakula pampu, inaacha magamba kwenye rejeta. Hatuna barafu, lakini kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya barafu pekee. Ina dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka juu ya nyuzi 100. Presha ya kifuniko cha rejeta inakipandisha zaidi. Kifuniko kina namba, 0.9 au 1.1. Mpira wake ukichoka, maji yanachemka mapema hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ni kitu cha bei ndogo, badili bila kufikiri, cha namba ile ile.

Themostati irudi. 1NZ inafungua kuanzia nyuzi 80 hadi 84. Ikitolewa, injini haipati moto wake. Kompyuta inadhani bado baridi, inaongeza mafuta, ulaji unapanda, na petroli ambayo haikuungua inashuka kwenye oili. Kama gari linachemsha likiwa na themostati, tatizo ni rejeta iliyoziba, feni, pampu au gasketi. Kuitoa kunaficha ugonjwa.

Kuosha kunafanyika hivi. Injini ya baridi. Fungua nati ya chini ya rejeta, mwaga. Jaza maji yaliyosafishwa, washa hita ndani kwenye moto wa juu kabisa, acha injini iwake mpaka hozi zote mbili za rejeta ziwe na moto, zima, acha ipoe kabisa, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke safi. Maji haya ni yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Soma lebo mara mbili, kwa sababu duka hilo hilo linauza asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalipita. Rejeta ikimwagwa, bloku inabaki na maji, karibu nusu ya mfumo mzima. Ukijaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, ndani unapata kama robo tu ya kulanti. Kwa hiyo baada ya kuosha, nunua kulanti nzito isiyochanganywa. IST inabeba chini kidogo ya lita 5 kwa jumla. Weka lita 2.5 za kulanti nzito kwanza, kisha malizia na maji yaliyosafishwa. Iliyochanganywa tayari, kama ile ya pinki ya Toyota, ibaki ya kuongezea.

Rangi haina sheria, lakini kwa Mjapani tafuta iliyoandikwa ni ya magari ya Kiasia, yenye fosfeti na isiyo na siliketi. Usichanganye ya kijani na ya pinki, uhai wa dawa unapungua na nyingine zinaganda kama uji. Ukishajaza, acha kifuniko wazi injini ikiwaka mpaka mapovu yaishe, funga, jaza kikopo cha pembeni mpaka katikati. Kesho asubuhi kikopo kitakuwa kimeshuka. Ongeza, usiogope. Kikishuka tena na tena wiki nzima, kuna mahali panavuja.

Mama Goba

Na breki? Kikopo changu kina maji meusi ila breki zinashika.

Gerezani Spea

Zinashika kwa sababu hujazichosha dada. Maji ya breki yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205. Ikishavuta maji inaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka Kitonga au Lushoto umekanyaga muda mrefu, maji yaliyomo yanageuka mvuke, pedali inazama sakafuni. Kwenye foleni ya mjini huwezi kuligundua hilo.

Kifuniko kimeandikwa DOT 3 kwa Wajapani wengi. DOT 4 inaruhusiwa kuwekwa humo. DOT 5 usiguse, ni silikoni, haichanganyiki. Lita moja inatosha gari zima, chupa iwe na sili, iliyofunguliwa mwezi uliopita tupa. Nyonya ile chafu ya kikopo kwa bomba la sindano, jaza mpya, kisha toa upepo ukianza na gurudumu la mbali, la nyuma kushoto kwa magari yetu, mpaka itoke safi. Kikopo kisikauke katikati ya kazi. Gari lenye ABS fuata mpangilio wa kitabu chake. Rudia kila miaka 2.

Kama mwenye gari wa zamani aliongezea haidroliki au oili ya injini, mpira wa kifuniko utakuwa umevimba na kujikunja. Ukiona hivyo usiendeshe. Mipira yote ya mfumo imeshaharibika, na kuosha hakutasaidia.

Kimara Mwisho

Filta ya hewa, ya AC na ya petroli je?

Gerezani Spea

Ya hewa weka mpya siku ya kwanza. Kwa barabara za vumbi kagua kila kilomita 5000. Kupuliza kwa kompresa kutoka upande mchafu kunasukuma vumbi ndani ya karatasi, na presha inatoboa matundu usiyoyaona. Iinue kwenye jua: usipoona mwanga, tupa. Zile za kupakwa oili mimi siziuzi kwa IST, oili ikizidi inanata kwenye sensa ya hewa na gari linaanza kula mafuta.

Ya AC kwenye magari mengi ipo nyuma ya kabati la dashibodi upande wa abiria. Mshale wa mtiririko wa hewa ufuatwe. Wengine huitoa wasirudishe, ukikuta pametupu tia, la sivyo vumbi linaganda kwenye evaporeta (kipoozaji cha AC). Ya petroli kwa Toyota ndogo imo ndani ya tangi pamoja na pampu, hakuna haja ya kuigusa kama presha ipo. Dizeli ni habari nyingine, filta yake na kitenga maji vibadilishwe mara moja.

Sampu Kavu

Naongeza mawili kwa haraka. NCP65 na nyingine za magurudumu manne: difu ya nyuma GL-5 75W-90 au 80W-90. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ikigoma ukiwa umeshamwaga gari halitoki hapo. Gia boksi ya manyuo (ya kuingiza gia kwa mkono) ni GL-4, kwani GL-5 nyingi zina dawa inayokula shaba ya sinkronaiza. Stelingi ya haidroliki kwa Toyota nyingi za zamani ni Dexron. Honda tumia ya kwao tu.

Kimara Mwisho

La mwisho wakuu. Fedha ya vyote kwa mkupuo haipo. Nianze na kipi?

Sampu Kavu

Siku ya kwanza: oili ya injini na filta yake, maji ya breki, kifuniko cha rejeta. Wiki hiyo hiyo: kulanti na themostati, filta ya hewa. Gia boksi ikiwa inaingiza vizuri na stiki inasoma kahawia, inaweza kusubiri mwezi, ila oili yake ya kuongezea (T-IV kwa IST ya kwanza) iwe kwenye buti ili usijekuongezewa kitu kingine barabarani. Filta ya AC mwisho. Andika kilomita, tarehe na namba ya oili kwenye karatasi, ukae nayo wewe, usimwachie fundi.